Msiifute Safu ya J

Vijana wangu wa nyumba ya darubini, nimesikia mnataka kufuta safu ya J. Habari imenifikia hapa Kabiro, Kawangware, kabla sijamaliza chai ya asubuhi. Naambiwa mnaipanga upya ile fomu ya kuandikia picha za nyota, na mmoja wenu ameuliza: tarehe tunayo, saa tunayo, hali ya mawingu tunayo, sasa hii J ni ya nini? Mwenzake akamjibu kwamba lazima ni ya Jupita. Jupita! Chai ilinitoka puani, na mjukuu wangu akanipiga mgongo akidhani nimepaliwa.

Basi wekeni kalamu chini kidogo. Mimi ni Jerida, Mama Violet, mpima nyota mstaafu, na J ya kwanza iliandikwa mbele ya macho yangu. Nitawaambia ilikotoka, kisha mfute mkiweza.

Kwanza niwatoe ushamba. Watu hudhani sisi tulikuwa tunakesha. Mimi nyota zangu karibu zote nimezipima mchana, nimeketi, viatu nimevua. Kazi ya jioni ilikuwa ya Daktari Mutiso, mkuu wetu, daktari wa nyota na si wa sindano, pamoja na Mzee Odera. Wao walifungua paa saa moja ya jioni, wakaielekeza darubini, wakapiga picha juu ya kioo kilichopakwa dawa. Asubuhi nakuta kioo kimekauka na kila nyota imekuwa nukta nyeusi. Nyota kali, nukta nene. Nyota dhaifu, nukta kama kinyesi cha inzi. Nakiweka kioo juu ya mashine yenye taa, sindano inaniambia nukta ni nyeusi kiasi gani, nami naandika. Siku moja nilipima kinyesi cha inzi chenyewe, nikakipa umbali wa miaka elfu sita, yaani nuru ikitoka huko leo itachukua miaka yote hiyo kutufikia, nikakipigia na mstari wa wino mwekundu. Mzee Odera akainama, akakitazama, akakitoa kwa ukucha.

"Nyar Maragoli," akaniambia, "hii nyota yako imeruka."

Nyar Maragoli kwa Kijaluo ni binti wa Maragoli, na hakuwahi kuniita kwa jina lingine. Alikuwa fundi wa saa kutoka Kibera, mtu wa vidole vyembamba na koti moja. Aliletwa kutengeneza saa inayoizungusha darubini, akabaki akitengeneza kila kitu, na mimi pia akanitengeneza. Maana niliingia nyumba hiyo na ndoo na kitambaa, kama mfagiaji. Nilipokuwa nikingoja sakafu ikauke, nilizoea kuvipanga vioo vilivyotupwa, kutoka cheusi kabisa hadi cheupe, kwa sababu fujo hunikera. Mzee Odera alikuta safu yangu, akaipitisha kwenye mashine, kioo hadi kioo. Hakuna hata kimoja kilichokuwa mahali pasipo pake. Akaenda moja kwa moja kwa Daktari na kumwambia kwamba yule mwanamke wa ndoo ana macho.

Daktari akanipa miezi sita ya majaribio. "Ukiharibu, Jerida, ndoo yako iko pale pale," akasema. Na kweli ilikuwa pale pale, nyuma ya mlango wa chumba cha mashine, nikiinua uso naiona. Siidharau ndoo, ndiyo iliyowalisha watoto wangu. Lakini jamani, nilikuwa nimeonja kazi ya kuiuliza nyota uko wapi na nyota ikajibu. Nani angetaka kurudi kuiuliza sakafu?

Mzee Odera hakunifundisha kwa kitabu. Somo la kwanza lilikuwa kidole gumba. Nyosheni mkono, mfumbe jicho moja, kisha mfumbue na kufumba la pili. Kidole kinaruka. Kikiwa karibu na pua kinaruka sana, kikiwa mbali kinaruka kidogo. Nyota za karibu hupimwa hivyo hivyo, ila macho yetu mawili ni dunia ikiwa upande huu wa jua, na dunia miezi sita baadaye ikiwa upande ule. Akanipa kamba ya kupimia na kazi ya nyumbani: nipime umbali wa msalaba wa kanisa lililoko ng'ambo ya mto, bila kuvuka mto.

Nikafunga mwisho mmoja wa kamba kwenye pembe ya choo cha ploti yetu, mwingine kwenye nguzo ya ua. Nilikuwa nimechuchumaa, jicho moja nimefumba, niliposikia sauti ya Mama Wambui, mwenye ploti.

"Ũũi! Mama Violet! Hiyo kamba ni ya nini kwa shamba yangu?"

"Napima msalaba wa kanisa, Mama."

"Msalaba iko kule ng'ambo. Wewe unapima choo."

"Lazima nianzie mahali."

"Na wale watu wa kukata mashamba ya watu, si pia wao huanzia mahali?"

Mnajua ardhi ya Kawangware. Familia ya Mama Wambui ilikuwa hapo kabla ya bati la kwanza, na kila mwaka kulikuja mtu mwenye kamba na makaratasi. Kwake yeye kamba ilikuwa hatari kuliko moto. Aliikunja yote, akaondoka nayo, na kesho yake nikaiona kamba ya ofisi imefungia mbuzi wake. Nilipomweleza Mzee Odera, nikihofia kwamba nimepoteza kifaa cha kazi, alicheka akashika ukuta. "Basi pima mbuzi," akasema.

Somo la pili ndilo kubwa, nalo likatusaidia sote. Kuna nyota za mbali mno, kidole hakiruki hata kidogo. Hizo unazipima kwa ukali wa mwanga. Ukijua taa fulani huwaka kiasi gani, ukiiona imefifia, unajua iko mbali. Rahisi, sivyo? Hata mimi nilisema rahisi. Mzee Odera akafunika madirisha ya ukumbi mrefu kwa mablanketi mchana ule, akanisimamisha mwisho mmoja, na mwisho wa pili akawasha taa mbili za mafuta.

"Gani iko mbali?"

"Ya kushoto," nikasema bila wasiwasi.

"Enda uone."

Nikaenda. Zilikuwa meza moja, zimegusana. Ya kushoto ilikuwa na chimni iliyojaa masizi.

"Sasa ungejuaje, kabla hujatembea? Maana kwa nyota hutatembea, nyar Maragoli. Miguu itaisha."

Nilirudi nilikotoka, nikatazama tena, na nikaona. "Ya kushoto ni nyekundu," nikasema.

Mzee akapiga makofi peke yake gizani. Ndiyo siri yenyewe, vijana. Taa ya mbali ni hafifu tu. Taa ya chimni chafu ni hafifu tena nyekundu, kwa sababu masizi hunyang'anya rangi ya buluu kwanza na kuiachia nyekundu ipite. Katikati ya nyota kuna vumbi laini, laini kuliko unga wa wimbi, nalo hufanya vile vile. Mpimaji asiyejua habari hiyo huona nyota iliyo nyuma ya vumbi akasema iko mbali, kumbe ni jirani mwenye chimni chafu. Ndiyo maana kila picha ilipigwa mara mbili, mara moja kupitia kioo cha buluu, mara moja cha manjano. Ukilinganisha mbili hizo unalijua vumbi, unaliondoa kwenye hesabu, ndipo unapata umbali wa kweli. Nilifurahi siku hiyo nikarudi nyumbani nikimkagua kila mtu aliyebeba taa.

Sasa tuje kwa Kilimia. Mnaijua, lile kundi la nyota ndogo zilizobanana kama vifaranga. Mwaka huo mvua ilichelewa, Aprili ikafika vumbi likiwa limetanda mpaka Riruta, na Daktari Mutiso akaona bahati: anga tupu. Akaamua kuipima Kilimia upya kabla haijazama kwenye mwanga wa machweo na kupotea. Saa moja na nusu ya jioni ilikuwa imeinama magharibi, kama viganja viwili tu juu ya mabati ya Kawangware. Alipenda Jumapili kwa sababu karakana jirani ilifungwa na taa zake kuzimwa. Jumanne mbili tatu alipiga picha pia, akaziweka pembeni, moja ina mkwaruzo, nyingine ina alama ya kidole gumba chake mwenyewe.

Nikazipima zile za Jumapili, na mambo yakaanza. Kilimia ilikuwa hafifu kupita kiasi, tena nyekundu. Nikapima mara ya pili. Nyekundu. Nikasafisha mashine, nikabadilisha taa, nikamwomba Mungu, nikapima mara ya tatu. Nyekundu. Nikampelekea Daktari karatasi nikiwa nimejiandaa kuaga.

Alisoma, akasimama, akaketi, akasimama tena. "Jerida, unajua umepata nini? Wingu! Wingu jipya la vumbi mbele ya Kilimia!" Wenzetu wa ng'ambo walikuwa wameipima Kilimia miaka nenda miaka rudi na hawakuona zaidi ya vumbi kidogo. Daktari akasema basi walikuwa wamelala. Alicheza, nawaambia, mtu mzima na tai yake, akizunguka meza. Akaandika barua ya kuwatangazia wakubwa wa nyota ulimwenguni, na wingu akalipa jina la marehemu mama yake, Syombua. Barua ingeingia posta Jumatatu ya wiki inayofuata. Akaniambia hiyo barua ikijibiwa vizuri, majaribio yangu yamekwisha, mimi ni mpimaji kamili. Niliitazama ndoo nyuma ya mlango, nikaikonyeza.

Tatizo langu ni kwamba sipendi kitu kibaki hakijamalizika. Zile picha za Jumanne zilikuwa kwenye sanduku, zinanitazama. Nikazipima na mkwaruzo wake. Kilimia ilikuwa safi, rangi yake kama vitabu vilivyosema.

Nikakaa na hilo siku mbili bila kumwambia mtu. Wingu lenye upana wa kumeza jua na sayari zake zote linawezaje kuwepo Jumapili na kukosekana Jumanne? Vumbi la angani linajuaje kwamba leo ni Jumapili? Linaenda kanisani?

Jumapili ikafika. Mnajua Jumapili ya Kawangware enzi zile, sijui kama nyinyi wa gesi mnaikumbuka. Jumapili ndiyo siku ya kuchemsha maharagwe ya wiki nzima. Ukitoka kanisani unayachagua, unayaosha, na jua likizama kila mlango unatoa jiko lake nje. Jiko haliwashwi ndani, litawaua watoto kwa moshi. Unapanga makaa, unachomeka karatasi na vijiti na kipande cha mpira wa kiatu, unawasha, unapepea mpaka moshi umalizike na makaa yawe mekundu, ndipo unaingiza ndani. Siku za kazi watu huwasha saa tofauti tofauti, kila mtu na anavyofika. Jumapili ni wote pamoja, majiko mia na mia, saa moja ya jioni.

Basi nimeinama na mfuniko wa sufuria, napepea. Nikainua uso kupumua, nikaitafuta Kilimia kwa mazoea. Ilikuwa kitone cha rangi ya chai. Nikasogea upande wa choo, ambako upepo ulikuwa umeupasua moshi. Kilimia nyeupe. Nikarudi kwenye jiko. Rangi ya chai. Kwenye choo, nyeupe. Nikaenda na kurudi namna hiyo labda mara nane, mpaka Violet akauliza kama ninaumwa tumbo.

Mfuniko ukaniponyoka mkononi. Kicheko kikaanza chini kabisa, kikapanda, nikaketi juu ya debe nikicheka machozi yakitoka. Wingu la Syombua lilikuwa maharagwe! Mimi mwenyewe nilikuwa nimelipepea kwa mkono wangu kila Jumapili, halafu Jumatatu nikaamka na kwenda kulipima! Daktari hakuweza kujua, kwake chakula kiliivia kwenye stovu ya umeme. Na Mzee Odera, akiwa kwenye darubini, moshi wa kwao Kibera ulikuwa nyuma ya mgongo wake, yeye macho yote mbele. Na nyota za kulinganishia, ambazo zingetuonyesha kosa, walizipiga utosini, kwenye anga safi, ambako maharagwe hayafiki.

Kisha kicheko kikakatika, nikaikumbuka ndoo.

Asubuhi, siku ya barua, nilimfuata Mzee Odera kwanza. Akanisikiliza huku akikaza skrubu. "Mzee, nikinyamaza je?" nikamuuliza. "Barua itaenda, nitapata kazi."

"Utapata," akasema. "Lakini mpimaji akinyamaza, hiyo pia ni hesabu ameandika. Hesabu ya uongo." Akaiweka bisibisi chini. "Na usiende kumwambia moshi, moshi. Mtu wa nyota haambiwi, anapimiwa. Kilimia imebaki na Jumapili moja. Zima hiyo majiko."

Zima hiyo majiko! Kama vile ni swichi ukutani.

Daktari aliposikia, uso ulimbadilika. Alikuwa mtu mpole, lakini nilikuwa nimeligusa jina la mama yake. Akasema, "Barua itangoja mpaka Jumatatu ijayo. Jumapili nitapiga picha. Wingu likiwa bado lipo, Jerida, wewe na mimi tutakuwa tumepoteza wiki kwa ajili ya sufuria, na utarudi kwenye ndoo." Nikasema sawa.

Nilijua mtu mmoja tu anayeweza kuzima majiko ya Kawangware. Alikuwa na ploti tatu, na alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, na mbuzi wake alikuwa amefungwa na kamba yangu.

"Kwa hivyo," Mama Wambui akasema nilipomaliza, "sasa umeacha kupima shamba, unapima moshi. Unataka nyumba zangu zote zizime jiko juu ya nyota."

"Saa moja tu, Mama, kutoka moja mpaka mbili. Wapike mapema, wakitoka kanisa."

"Nyota gani hiyo?"

Nikamwonyesha kwa mkono upande wa Riruta, nikamweleza zilivyobanana. Mikono yake, ambayo ilikuwa kiunoni, ikashuka.

"Hiyo cũcũ yangu alikuwa anaangalia ndio ajue kupanda," akasema, akimaanisha nyanya yake. "Mimi siku hizi siioni. Nilijua ni macho imezeeka."

Akaingia ndani, akatoka na leso yake ya kanisa. "Saa moja mpaka mbili," akasema. "Ukinidanganya, hiyo kamba nitakufunga wewe."

Tangazo lilitolewa Jumapili hiyo kanisani: kila mtu apike mapema, na kuanzia saa moja hakuna jiko nje. Mama Wambui hakueleza sababu, na hiyo ndiyo ilikuwa akili yake, maana kila mtu alijitafutia yake. Wengine walisema wakubwa wa afya wanapita. Wengine wakasema ni mfungo. Fundi seremala wa mlango wa pili, Mluhya mwenzangu, aliapa kwamba amesikia kutoka kwa mtu wa kuaminika kwamba kuna ndege itatua. Sikumkatalia hata mmoja. Saa tisa alasiri moshi ulipaa Kabiro nzima kana kwamba kuna harusi mia, na kufikia saa kumi na mbili na nusu maharagwe yalikuwa yameiva na majiko yamemwagiwa maji.

Kasoro bucha. Mwenye bucha wa njia panda alikuwa na nyama choma yake, na Jumapili jioni ndiyo alikuwa anauza. Tangi lake, lile pipa lililokatwa la kuchomea, lilitoa moshi wa kuwatosha watu wa mtaa mzima. Nilimwona Mama Wambui akienda na kiti chake mwenyewe kichwani. Akakiweka mbele ya tangi, akaketi, miguu akanyosha.

"Mama, na hawa wateja watakula nini?"

"Watakula kesho."

"Nani amesema?"

"Hii nyumba ya bucha ni ya nani?"

Mwenye bucha akachukua ndoo ya maji, akazima, mvuke ukaruka pssss, na nilihesabu dakika mpaka ulipopotea.

Na hapo, vijana, likatokea jambo ambalo sikulipanga. Watu hawana la kupepea. Wameshakula. Wamesimama milangoni mikono mitupu, saa moja na robo ya jioni. Mtu asiye na kazi hutazama juu. Mmoja akanyosha kidole, kisha wa pili, kisha ua mzima ulikuwa umeinua shingo. Anga ya magharibi ilikuwa imeoshwa, na Kilimia iko pale, nyeupe, kila nyota na jirani yake. Watoto wakabishana ni sita au saba. Seremala akasema ile ndiyo ndege.

Mama Wambui alibaki kwenye kiti chake mbele ya tangi baridi. Nilipomfikia alikuwa anahesabu kwa Kikuyu, polepole. Alifika sita, akaanza upya.

"Kumbe si macho," akasema. Nikaona machozi, nami sikujizuia, tukalia wote wawili tukicheka, mwenye bucha akitutazama asijue amewakosea nini hawa wanawake.

Jumatatu nilifika kazini kabla ya ndege kuamka. Mzee Odera alikuwa ameshaleta vioo. Nikawasha taa ya mashine. Kisha nikapima, buluu, manjano, buluu, manjano, nyota hadi nyota. Daktari aliingia, akasimama nyuma yangu. Nilipomaliza hesabu nikampa karatasi, na sikuweza kumtazama usoni, nikaitazama ndoo.

Uwekundu ulikuwa umekwisha. Lilibaki vumbi kidogo, lile la kweli ambalo kila mtu alilijua, kama chimni iliyofutwa haraka haraka. Kilimia ilikuwa imerudi kwenye miaka yake mia nne hivi, palepale vitabu vilipoiweka.

Daktari alisoma mpaka mwisho. Akatembea hadi nyuma ya mlango, akainyanyua ndoo, akaja nayo kwangu. Akaiweka sakafuni katikati yetu, akaitoa ile barua mfukoni, akaichana vipande vinne, akaviangusha ndani ya ndoo.

"Walikuwa wanapika nini?" akauliza.

"Maharagwe, Daktari."

Akajaribu kujizuia. Bega likaanza, kisha tumbo, kisha akacheka mpaka miwani ikaangukia kwenye ndoo juu ya barua yake. Mzee Odera akacheka kwa kuwa Daktari amecheka, na mimi kwa kuwa nilikuwa bado niko kwenye kiti changu.

"Jumapili ijayo nitakuja kwako," Daktari akasema akijifuta macho. "Nataka kulionja wingu langu."

Na akaja, na tai yake. Aliketi uani juu ya debe, katikati ya moshi wa majiko yote ya Kabiro, Mama Wambui akimpakulia kwa mkono wake na mbuzi akiwa amefungwa kwa kamba ya sisali, maana ile yangu ilikuwa imeoshwa na kukunjwa, iko mapajani mwangu. Daktari alikula kijiko cha kwanza, akatafuna, akaacha. Tukadhani kuna jiwe.

"Syombua alikuwa anapika hivi hivi," akasema. "Jumapili." Akala cha pili. "Basi jina halikupotea."

Alimaliza sahani mbili. Kisha akaomba daftari la picha, ambalo nilikuwa nimelibeba kwa sababu ilikuwa zamu yangu kulinakili, akalifungua juu ya goti, akapiga mstari mpya kwa kalamu pembeni mwa ukurasa. Juu yake akaandika herufi moja, na mstari wa kwanza akaujaza palepale, macho yakimtoka machozi ya moshi: J, majiko yamewashwa.